Wakili wa kwanza alitukosesha nyumba, wa pili alisoma mkataba mpaka mwisho: uzoefu wangu wa kununua fleti Leeds

Mwezi uliopita tumekabidhiwa funguo za fleti yetu hapa Leeds, baada ya mwaka mzima wa kuhangaika na mawakili wawili tofauti. Naandika kwa ajili ya wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza England, maana mimi na mume wangu tulidhani wakili kazi yake ni kupitisha makaratasi tu, kwa hiyo wa bei nafuu anatosha. Tulikosea sana.

Wa kwanza tuliletewa na dalali. Siku ileile muuzaji alipokubali bei yetu, dalali akapiga simu: ana mawakili anaofanya nao kazi, ada yao pauni 595, na faili likiwa kwao mambo yatakwenda haraka. Furaha ilikuwa imetujaa, tukakubali palepale. Kumbe kwenye ukurasa wa nne wa barua yao ya masharti imeandikwa wazi kwamba dalali analipwa kamisheni kwa kila mteja anayempeleka. Sheria inaruhusu mradi wakutajie, na walitutajia. Mimi ndiye niliyesaini kabla ya kusoma.

Halafu ile 595 haikuwa 595. Kulikuwa na pauni 75 kwa sababu sehemu ya pesa zetu ni zawadi kutoka kwa kaka yangu, 20 za kuhakiki vitambulisho, 40 za kutuma pesa benki, na 95 za kujaza fomu ya ushuru wa kununua nyumba. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20, unafika 990, na hapo upekuzi wa nyumba (kuulizia kumbukumbu za nyumba halmashauri na kwingineko) na ada ya kusajili umiliki havijaguswa. Tangu Desemba 2018 ofisi za mawakili wa huku zinatakiwa kuweka bei za kazi hii kwenye tovuti zao, pamoja na kinachojumuishwa na kisichojumuishwa. Usiangalie namba ya juu. Shuka mpaka kwenye maandishi madogo.

Pesa ningezisamehe. Kilichoniuma ni faili letu kukaa tu. Katika wiki kumi na moja tulihudumiwa na watu watatu, na kila mmoja aliomba taarifa za benki tulizokwisha kutuma. Walipoona pesa za mchezo, yaani upatu wetu sisi wanawake kumi, kila mmoja pauni 200 kwa mwezi, wakaandika kwamba chanzo cha fedha hakieleweki. Sheria ya utakatishaji fedha inawataka waulize, nalielewa hilo. Lakini hawakuuliza! Waliweka faili pembeni wiki mbili bila hata simu.

Hapa England, mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa, muuzaji anaweza kujitoa bila kukulipa chochote, na mnunuzi vilevile. Wiki ya kumi na moja muuzaji wetu alichoka, akamchukua mtu mwingine. Tangazo lao lilisema "usiponunua, hulipi", nasi kweli hatukulipa ada. Pauni 340 za upekuzi hazikurudi: halmashauri, maji taka, mazingira, na ule wa migodi, kwa kuwa maeneo haya yalichimbwa makaa ya mawe kwa miaka mingi na mashimo ya zamani bado yapo chini. Usiku ule mume wangu alikaa jikoni muda mrefu bila kusema neno.

Wa pili nilielekezwa na dada mmoja wa kwenye mchezo wetu. Safari hii kabla ya kupiga simu niliangalia kwanza kwenye daftari la Solicitors Regulation Authority, chombo kinachosimamia mawakili, kama amesajiliwa (wapo pia wataalamu wa kuhamisha umiliki wa nyumba tu, hao wana msimamizi wao), nikaiuliza benki ya mkopo kama inamkubali, maana kila benki ina orodha yake na asipokuwemo utalipia mawakili wawili. Nilipompigia nikamuuliza: nani atashika faili langu mwanzo hadi mwisho? Akasema, "Mimi." Na ukienda likizo? Akanitajia jina la mwenzake, akaniambia nitazungumza naye kwenye kikao cha kwanza. Ada yake pauni 1,250 kabla ya kodi, kila kitu ndani. Ni zaidi kidogo ya mara mbili ya tulichoahidiwa mwanzo, na nililipa bila kinyongo.

Habari ya mchezo aliisikiliza kama dakika ishirini. Aliuliza nani anapokea lini, akaomba nimwoneshe kwenye taarifa za benki pesa zikitoka kila mwezi na zikiingia zamu yangu, akaandika maelezo ya nusu ukurasa. Kaka akasaini barua kwamba alichotoa ni zawadi na si mkopo. Yakaisha.

Ila thamani yake niliiona kwenye mkataba wa fleti hii tuliyoipata baadaye. Kwa fleti nyingi za England hununui ardhi, unanunua haki ya kukaa kwa miaka iliyoandikwa, na mwenye ardhi anaendelea kudai kodi ya ardhi kila mwaka. Yetu ilikuwa ya miaka 125 kuanzia 2008, na tangazo la dalali lilisema kodi ni pauni 200 kwa mwaka. Nikaona ni kitu kidogo. Wakili akatuita ofisini, akafungua ukurasa wa 31, akaweka kidole kwenye aya moja fupi: kodi inaongezeka maradufu kila miaka kumi. Akachukua penseli, akaandika pembeni: 2008, 100. 2018, 200. 2028, 400. 2038, 800. 2048, 1,600. 2058, 3,200. Akanyamaza, akatuachia tusome wenyewe.

Mikataba mingi mipya tangu 30 Juni 2022 hairuhusiwi kutoza kodi hii. Wetu ni wa zamani, sheria hiyo haiugusi. Benki nyingi huzikimbia fleti za namna hii, kwa hiyo hata kuiuza baadaye tungehangaika. Alikataa tusaini mpaka muuzaji apate kwa mwenye ardhi hati ya kurekebisha mkataba, kodi ibaki 200 daima. Ilichukua wiki tisa, kwa gharama ya muuzaji. Dalali alinipigia mara mbili akilalamika kwamba wakili wangu anachelewesha mauzo. Safari hii nilijua la kumjibu.

Jambo jingine: namba ya akaunti ya ofisi yake alitukabidhi mkononi, kwenye karatasi, siku ya kwanza. Akasema haitabadilika, na ikija barua pepe ya kusema imebadilika tupige simu iliyo kwenye karatasi ile. Wezi huvizia pesa hizi hasa. Kabla ya kutuma amana ya asilimia 10 tulituma pauni moja, akathibitisha kwa simu imefika, ndipo tukatuma iliyobaki.

Kasoro anazo. Barua pepe anajibu jioni tu, na siku ya kukabidhiwa funguo tulisubiri kwenye gari hadi saa tisa na nusu alasiri bila taarifa yoyote kutoka kwake. Ushuru hatukulipa, kwani tangu Aprili 2025 mnunuzi wa mara ya kwanza hatozwi hadi pauni 300,000 na yetu ni 185,000, lakini fomu lazima ifike ndani ya siku 14. Aliipeleka siku ya tatu.

Nampa nyota nne. Usajili wa umiliki bado uko HM Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi, na amesema unaweza kuchukua miezi. Nakala ya ukurasa wa 31 wenye namba za penseli nimeiomba, ipo kwenye droo pamoja na funguo za akiba.