Revit 2025 kwenye Viwanja vya Mteremko: Maoni ya Wabunifu Majengo wa Arusha

Kwa mbunifu majengo wa Arusha, thamani ya Revit 2025, toleo la programu ya kuchora majengo kwa modeli ya pande tatu lililotolewa na kampuni ya Autodesk mwezi Aprili 2024, hutegemea kiwanja anachokichorea kuliko orodha ya sifa inayosambazwa na wauzaji. Anayechora kwenye sehemu tambarare za Njiro atakuta mambo machache ya kumsaidia, na pengine hatapata sababu ya kuliacha toleo alilolizoea. Anayechora Ilboru, Moshono au upande wa juu wa Sakina, ambako kiwanja huanzia usawa wa barabara na kuteremka hadi ukingoni mwa korongo, atakuta kwamba programu hii sasa inaijali ardhi kwa namna ambayo wenzetu wengi walikuwa wamekwisha kuikatia tamaa.

Kwa miaka mingi ardhi ndani ya Revit ilikuwa uso mtupu usio na unene, kama shuka iliyotandikwa juu ya vilima. Kifaa cha kusawazisha mahali pa nyumba kilikuwapo, lakini hakikuruhusu majukwaa mawili kupishana, na kuchora njia ya gari inayoteremka kuelekea gereji ilikuwa adhabu. Toleo la 2024 liliuondoa uso huo na kuleta Toposolid, yaani ardhi yenye unene na matabaka, inayohaririwa kwa taratibu zilezile za sakafu. Toleo la 2025 likaongeza amri ya kuchimba: mchoraji anateua sakafu, paa au Toposolid nyingine, anaiamuru ikate ardhi, na programu inampa ujazo wa udongo ulioondolewa.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana mbele ya mteja. Wateja wetu wengi huja na ramani waliyoipenda, iliyojengwa mahali pasipo na mteremko, na bajeti yao nzima imesimama juu ya ramani hiyo. Kuwaeleza kwa maneno kwamba msingi utakula sehemu kubwa ya fedha kabla ukuta haujaonekana huzaa ubishi tu, na mara nyingine huzaa hisia kwamba mbunifu anataka kuongeza ada. Ukiwaonyesha mkato wa kiwanja chao wenyewe, wenye ukuta wa kuzuia udongo wa kimo cha mita tatu nyuma ya jiko, mazungumzo hubadilika. Ukaigawa sakafu katika ngazi mbili, sebule ikashuka na vyumba vikabaki juu, ujazo wa kuchimba hubadilika palepale na mteja huona kwa macho yake ni kwa nini nyumba inapaswa kufuata mlima badala ya kushindana nao. Kwa viwanja vinavyopakana na mito kama Themi na Naura, modeli hiyohiyo hutumika kuchora mstari wa mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, jambo ambalo ni afadhali lijulikane mezani kuliko baada ya tofali kushushwa.

Wakadiriaji majenzi tunaofanya nao kazi wameipokea namba hiyo ya ujazo kwa tahadhari, na wana haki. Programu huhesabu umbo la kile kilichoteuliwa kukata, si shimo ambalo mafundi watalichimba kweli. Haiongezi nafasi ya fundi kusimama kando ya msingi, wala haizipi kingo za shimo mwinamo wa kuzuia udongo usiporomoke. Njia ya kulikwepa tatizo hilo ni kuchora sakafu ya bandia yenye vipimo vya shimo halisi, kuitumia kuchimbia, kisha kuificha kwenye michoro. Zaidi ya hapo, udongo ukishachimbwa huvimba, kwa kawaida kwa kiasi cha robo hivi kwa udongo wa wastani, kwa hiyo anayehesabu safari za tipa kwa kutumia namba ya kwenye skrini atapungukiwa. Haya si makosa ya programu. Ni mambo ambayo kijana aliyetoka chuoni anaweza kuyasahau kwa sababu namba imeandikwa vizuri na ina desimali.

Kuna sharti jingine lililo kubwa kuliko hilo. Toposolid hutengenezwa kutokana na mistari ya kontua, yaani inayounganisha mahali penye urefu sawa, au jedwali la nukta zenye urefu wake, na kwa viwanja vyetu vingi taarifa hizo hazipo. Mteja analeta ramani ya upimaji yenye mipaka na namba za mawe, basi. Wapo wanaochukua urefu wa ardhi kutoka kwenye picha za setilaiti zinazopatikana bure mtandaoni. Taarifa hizo hutosha kuonyesha mlima ulivyo, lakini kwa kiwanja kimoja cha makazi hazitoshi kuamua kimo cha ukuta. Bila kumlipa mpimaji, amri ya kuchimba ni pambo.

Mengine yaliyoongezwa hayahitaji maneno mengi. Karatasi za michoro sasa zinaweza kupangwa katika makusanyo, hivyo seti ya kuombea kibali cha ujenzi na seti ya mkandarasi hukaa ndani ya faili moja bila kuchanganyika. Hili ni jema, na lilichelewa. Mwonekano mweusi wa skrini, uliokuja na toleo la 2024, unapendwa na vijana, nami sina ugomvi nao.

Mahali ambapo wabunifu wa hapa wanagawanyika ni kwenye mafaili. Modeli iliyohifadhiwa katika toleo jipya la Revit haifunguki katika toleo la nyuma yake, na hakuna amri ya kuirudisha. Archicad, programu ya kampuni ya Graphisoft ya Hungaria, angalau huruhusu kuhifadhi kwa ajili ya toleo moja lililotangulia. Katika mji wa ukubwa wetu, ambako mhandisi mmoja wa miundo anaweza kuwa anahudumia ofisi kadhaa za ubunifu, maana yake ni kwamba ofisi moja ikihama peke yake inajitenga. Mhandisi aliyebaki na toleo la 2022 atalazimika kupokea faili la IFC (muundo wa pamoja wa kubadilishana modeli kati ya programu mbalimbali), ambalo ataliona na kulipima lakini hataweza kulihariri kama modeli yake mwenyewe, au atapokea michoro ya kawaida ya pande mbili, na hapo faida ya kufanya kazi katika modeli moja imekwisha. Mzee mmoja wa fani yetu, ambaye bado anachora kwa AutoCAD, programu ya michoro ya kawaida, na ambaye kazi zake hazijawahi kukwama kwa sababu ya faili, hutucheka kuhusu jambo hili, na sijapata jibu la kumnyamazisha.

Bei nayo ni nzito. Tangu mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu, na Revit kamili hulipiwa kwa mwaka, kwa bei inayozidi dola 2,500 za Marekani kwa kila mtumiaji. Mwezi Julai 2020, ofisi kubwa za Uingereza, zikiwamo Zaha Hadid Architects na Grimshaw, ziliiandikia kampuni hiyo barua ya wazi zikilalamikia gharama zinazopanda huku maendeleo ya Revit yakisuasua. Ikiwa ofisi za kiwango hicho zililalamika, haishangazi kuona ofisi ya watu wanne wa Arusha, inayolipwa kwa shilingi na kwa mafungu, ikifikiria mara mbili. Toposolid inaweza kusomwa kama sehemu ya jibu kwa malalamiko ya aina hiyo, ingawa gharama yenyewe haikuguswa.

Kuhusu kompyuta, kiwango cha chini kinachotajwa ni kumbukumbu ya GB 16 na nafasi ya GB 30 kwenye diski. Kwa kuwa kazi nyingi za Revit bado huelemea kiini kimoja cha prosesa, anayenunua mashine ni vyema aulize kasi ya kila kiini kabla ya kuvutiwa na wingi wa viini. Ikumbukwe pia kwamba programu hii haihifadhi kazi yenyewe bali humkumbusha mtumiaji ahifadhi, na muda wa ukumbusho uliowekwa tangu kiwandani ni dakika 30; kwa umeme wetu, apunguze hadi dakika 15, siku ileile anayoiweka programu.

Kwa ofisi inayochora kwenye miteremko na ambayo tayari inalipia leseni, ninashauri ihame, lakini kwa miradi mipya tu, na baada ya kukubaliana na mhandisi wake. Leseni hiyohiyo huruhusu matoleo kadhaa yaliyotangulia kukaa pamoja kwenye kompyuta moja, kwa hiyo miradi iliyokwisha anza imalizwe katika toleo lake. Ofisi ambayo haijawahi kutumia Revit isinunue kwa sababu ya amri ya kuchimba peke yake. Ichukue kipindi cha majaribio, iingize kiwanja kimoja chenye vipimo vya kweli, na imkaribishe mkadiriaji wake aikague ile namba ya udongo kabla ya kulipa chochote.