Masomo sita kuhusu nafsi: mazuri, ila maikrofoni zilifungwa

Nilijiandikisha kwa masomo haya ya teolojia, ya jioni kwenye intaneti, kuhusu nafsi, yaani mtu ni nini, nikiwa na swali moja. Mama yangu amepoteza kumbukumbu. Huu mwaka wa pili hanitambui. Sasa wanateolojia wakisema mtu ni uhusiano, yaani ni mtu kwa kuhusiana na wengine, yeye amebaki nini?

Masomo mawili ya mwanzo nilivumilia tu. Istilahi za Kigiriki, Mtaguso wa Nisea, ule mkutano wa maaskofu wa 325, mbio mbio kama mwalimu anadaiwa. La tatu ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Aliuliza: mbona tunakiri Mungu mmoja katika nafsi tatu, halafu mchoyo tunasema ana ubinafsi? Neno lile lile! Kumbe katika Utatu nafsi haijifungii. Baba ni Baba kwa kuwa ana Mwana. Mwondoe Mwana, na Baba hayupo. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anasema nafsi za Mungu ndizo uhusiano wenyewe, si watatu waliokuja kufahamiana baadaye. Miaka yote nasali Nasadiki, kanuni yetu ya imani, hilo sikuwahi kuliona.

Kutoka hapo akaja kwa binadamu, aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, na Gaudium et Spes namba 24, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya 1965: mtu hawezi kujipata kikamilifu ila kwa kujitoa kwa moyo mnyofu. Hapo swali langu likaanza kuniwasha. Mama atajitoaje?

Nililiandika, maana maikrofoni zetu zilifungwa tangu mwanzo hadi mwisho. Alilisoma somo la tano likielekea kuisha, na namshukuru hakulikwepa. Binadamu si Mungu, alisema, wala si uhusiano mtupu. Akamrudia Boesio, mwanafalsafa wa karne ya 6, ambaye mimi nilishamwona amepitwa: nafsi ni huyu mmoja mzima, mwenye asili ya akili, hata akili yenyewe ikilala. Na uhusiano wa kwanza hauanzi na mama kunijua mimi, unaanza na Mungu kumjua mama. Dakika nne hivi. Zilitosha kulipia yale mawili ya kuchosha.

Lawama yangu ni moja. Wiki sita tumefundishwa kwamba hakuna mtu peke yake, na sijui jina la mwanafunzi hata mmoja.

Jana nilimsimulia mama habari za Boesio. Alisikiliza vizuri, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.