Rush: watu watatu, sauti ya bendi nzima (uzoefu wangu wa albamu na maonyesho yao)

Sisi tuliokulia muziki wa dansi hapa Tabora hatutishwi na wimbo mrefu. Mwimbaji anamaliza maneno yake taratibu, chemko, ile sehemu ya kasi ya mwisho wa wimbo, linaingia, magitaa yanaanza kujibizana na watu wanainuka vitini. Kwa hiyo mtu akiniambia roki ni makelele tu, namwekea Rush, bendi ya Toronto, Kanada. Walikuwa watu watatu tu! Geddy Lee anapiga besi, anaimba, anashika kinanda, na mikono ikizidiwa anabonyeza pedali za sinthesaiza kwa miguu. Alex Lifeson yuko kwenye gitaa. Neil Peart, aliyejiunga mwaka 1974, ndiye aliyekuwa mpiga dramu, na karibu mashairi yote ni yake. Bendi zetu kubwa zilikuwa na solo, rithimu, besi, tumba, dramu na safu ya matarumbeta. Hawa waligawana kazi yote hiyo watatu, na hakuna pengo linalosikika.

Albamu iliyoninasa ni 2112 ya mwaka 1976. Ile iliyoitangulia, Caress of Steel, haikuuza, na kampuni ya rekodi ilitaka nyimbo fupi za kupigwa redioni. Wao wakajaza upande mzima wa santuri kwa kisa kimoja cha zaidi ya dakika 20: dunia inayotawaliwa na makuhani, na kijana anayeokota gitaa bila kujua ni kitu gani. Mara ya kwanza nilikisikiliza kisa hicho kwenye treni kutoka Kigoma, tumeshaiacha Uvinza. Kuna sehemu maji yanasikika yakitiririka, na Lifeson anapiga kama mtu ambaye hajawahi kugusa gitaa: anagusa waya mmoja, anakaza, anagusa mwingine, sauti haziafikiani, kisha polepole zinakubaliana hadi wimbo unazaliwa. Kwa mpigaji fundi kama yule, kuigiza mikono ya mwanafunzi bila kuudhi sikio ni kazi ngumu. Niliirudia sehemu hiyo mpaka simu ikaisha chaji.

Moving Pictures ya mwaka 1981 ndiyo bora kuliko zote, na hapo sibishani na mtu. Haina wimbo wa kuruka. Ndani yake kuna YYZ, wimbo usio na maneno hata moja. Jina lake ni alama ya uwanja wa ndege wa Toronto, na mapigo ya mwanzo ni herufi hizo tatu kwa alama za Morse, zile zilizotumika kutuma simu za maandishi zamani: ndefu, fupi, ndefu, ndefu, tena vilevile, kisha ndefu mbili na fupi mbili. Ukihesabu ndefu kuwa mbili na fupi kuwa moja, unapata 20, yaani mapigo matano yaliyogawanywa mara nne nne. Mguu uliozoea nne unachanganyikiwa. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu wa reli aliyewahi kukaa kwenye simu za stesheni, nilimwekea mwanzo ule bila kumwambia chochote. Alinyamaza, kidole kikaanza kugonga meza, halafu akasema, "Mjukuu wangu, hizo ni herufi. Irudishe." Alizitaja zote tatu.

Kwenye onyesho lao lenyewe sijawahi kufika. Maonyesho yao nayajua kwa video. Ukipata moja tu, tafuta Rush in Rio, iliyorekodiwa uwanja wa Maracanã, Brazil, Novemba 2002. Kabla ya hapo bendi ilikuwa imesimama: Peart alimpoteza binti yake mwaka 1997 na mkewe mwaka 1998. Sasa mtazame amerudi, mbele ya umati unaoimba YYZ. Wimbo hauna maneno, wao wanaimba gitaa! Wanaruka pamoja kwa mapigo yale magumu. Kisha Peart anaachiwa jukwaa peke yake, seti ya dramu inazunguka ili apige upande wa pili wenye dramu za umeme, na anamalizia juu ya matarumbeta ya jazi yaliyorekodiwa. Mtu wa dansi atajisikia nyumbani kabisa. Kasoro ni sauti: kelele za mashabiki zimepanda mno na besi inajificha, kwa hiyo itazame kwa sabufa nzuri, siyo spika ya simu.

Ziara ya mwisho ya wote watatu, R40 ya mwaka 2015, walipiga kuanzia nyimbo mpya kurudi nyuma, huku mafundi wakibomoa jukwaa kidogo kidogo mpaka mwishoni zimebaki spika zimewekwa juu ya viti kama kwenye ukumbi wa shule. Onyesho la mwisho la ziara hiyo lilikuwa Inglewood, jirani na Los Angeles, tarehe 1 Agosti. Peart alifariki Januari 2020. Mwaka 2025 Lee na Lifeson walitangaza kurudi jukwaani 2026 na mpiga dramu Mjerumani, Anika Nilles. Wapo mashabiki wanaoona ingebaki historia. Mimi nimefurahi, maana nyimbo zile ziliandikwa zipigwe.

Kwa anayeanza: chukua Moving Pictures kwanza, ni kama dakika 40 tu, bando halitaumia. Vaa hedifoni na ufuate besi peke yake mara ya kwanza, dramu mara ya pili. Kisha 2112, kisha video ya Rio. Albamu za katikati ya miaka ya 1980 zina vinanda vingi, ziache kwa baadaye. Na ukifika Vapor Trails ya mwaka 2002, usichukue toleo la kwanza. Sauti imebanwa mpaka inachosha masikio. Tafuta lile lililochanganywa upya mwaka 2013, ndipo utasikia Lifeson alikuwa akifanya nini mle ndani.