Uzoefu wangu: Usajili wa Blue Jays baridi ya 2025/26, na jezi namba 11 tuliyobaki nayo

Nianze na alama ninayoipa Blue Jays, timu yetu ya besiboli ya Toronto, mwenye haraka asipoteze muda wake: nyota tatu na nusu kati ya tano. Ungeniuliza Desemba ningekupa nne na nusu. Ungeniuliza wiki ile ya katikati ya Januari, mpigaji wetu Bo Bichette alipotukimbia akasaini New York Mets, ningekupa moja, tena kwa shingo upande.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Scarborough, mashariki mwa Toronto, huu mwaka wa kumi na moja. Besiboli nimeikuta huku huku, ukubwani. Mwanzoni niliona ni wanaume wazima wamesimama kwenye nyasi wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, wakimsubiri mwenzao aamue kurusha mpira. Aliyenitoa ushamba ni mzee mmoja wa Kidominika tuliyekuwa naye zamu ya usiku ghalani. Simu yake aliiegemeza kwenye boksi, sauti kaizima kwa kumwogopa msimamizi, halafu ananifafanulia kila mpira kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, na changu kilikuwa hakijakaa sawa. Kufika Septemba mwaka huo nilikuwa nishanunua kofia. Siku hizi naenda mechi saba nane kwa mwaka na mwanangu, nyingi zikiwa Jumanne, ambayo pale Rogers Centre, uwanja wa Blue Jays, ni siku ya hotidogi za dola moja. Sisi hatuzili, tunakwenda tumeshiba sambusa za nyumbani, lakini mwanangu anapenda kuona ubao mkubwa ukihesabu watu wamekula ngapi.

Kwa waliozoea dirisha la usajili la Simba na Yanga, huku dirisha la baridi halina tarehe ya kufungwa. Fainali zikiisha mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, soko linafunguka na linaendelea mpaka timu zinaingia kambini Februari, na hata hapo wengine wanakuwa hawajasaini. Mchezaji akitimiza miaka sita ya utumishi ligi kuu na mkataba wake ukaisha, yuko huru kwenda atakako, na klabu yake ya zamani haipati ada ya uhamisho. Kwa hiyo shabiki anakaa miezi mitatu, theluji nje, anaburuza kidole kwenye simu akingoja jina. Hiyo ndiyo huduma ninayoitathmini hapa. Fedha ninazozitaja ni dola za Marekani. Mimi nalipwa za Kanada, kwa hiyo kila nikisoma tarakimu hizi naumia mara mbili.

Lazima niseme kwanza kwamba rekodi yangu ya kutathmini ni mbaya. Tarehe 8 Desemba 2023, siku ya Ijumaa, habari zilivuma kwamba Shohei Ohtani, nyota wa Kijapani anayerusha na kupiga pia, yuko njiani kuja Toronto kusaini. Watu wakaipata ndege moja binafsi iliyokuwa imeruka kusini mwa California kuelekea Pearson, uwanja wa ndege wa Toronto, wakaanza kuifuatilia kwenye ramani. Na mimi nikiwemo. Mke wangu yuko dukani ananunua unga, mimi niko kwenye gari maegeshoni, injini inawaka kwa ajili ya hita, namwangalia kijindege cha njano anakatiza Marekani. Kwetu mchezaji mgeni akitua Dar anapokewa kwa ngoma na matarumbeta. Nikasema leo zamu yetu. Ndege ikatua. Akashuka Robert Herjavec, mfanyabiashara wa Kanada anayeonekana kwenye vipindi vya televisheni, na watoto wake. Kesho yake Ohtani akatangaza kwamba anakwenda Los Angeles Dodgers: miaka 10, dola milioni 700, ambazo milioni 680 zitalipwa baadaye kabisa, mkataba ukiwa umekwisha. Mke wangu mpaka leo nikichelewa popote ananiuliza kama nilikwenda kumpokea Mjapani.

Januari 2025 ilikuwa aibu ya aina nyingine. Klabu ilimchukua Myles Straw kutoka Cleveland kwa sababu alikuja na dola milioni 2 za fungu la kusajili vijana wa nje, na fungu hilo lilikusudiwa kumvutia Roki Sasaki, mrushaji kijana wa Kijapani. Siku hiyo hiyo Sasaki akasema anakwenda Dodgers. Sasa wewe fikiria umenunua meza kwa sababu umeahidiwa kiti cha bure, unafika nyumbani, kiti kashakalia jirani. Nikamwandikia yule mzee wa Kidominika ujumbe mrefu wa hasira. Akanijibu kwa Kihispania neno moja tu, maana yake subiri.

Baridi hiyo hiyo nilimlalamikia Andrés Giménez, fundi wa kudaka lakini fimbo yake ya mashaka, aliyekuja na mkataba unaofika 2029. Niliyemshangilia ni Anthony Santander. Alikuwa amepeleka mpira jukwaani (ndiyo home run hiyo) mara 44 akiwa na Baltimore mwaka 2024, sisi tukampa miaka mitano kwa milioni 92.5. Haya, matokeo: Santander aliumia bega, akakosa sehemu kubwa ya msimu, akaishia kupeleka jukwaani mara sita. Straw akawa mtu wa kuaminika kule nyasini. Giménez ndiye aliyeziba pengo Bo alipoumia goti Septemba, na kwenye mtoano dhidi ya Seattle akaupeleka mpira jukwaani mechi mbili mfululizo. Timu iliyoshika mkia wa kundi lake 2024 kwa ushindi wa mechi 74, mwaka 2025 ikashinda 94, ikaingia fainali kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mimi ningekuwa meneja, Giménez asingekanyaga Toronto.

Mechi ya saba ya fainali, dhidi ya Dodgers hao hao, tuliiangalia kwa jamaa yetu Malvern, maana tiketi zilikuwa zimepaa kiasi kwamba hata kuuliza bei ni kujitia presha. Raundi ya tatu Bo, goti bado bovu, akakutana na Ohtani mwenyewe, akaupeleka mpira jukwaani. Pointi tatu. Chai ikamwagika kwenye zulia la mwenye nyumba na hakuna aliyejali, hata mwenye nyumba. Raundi ya tisa tulikuwa mbele 4 kwa 3, tumebakiza kuwatoa watu wawili tu tuwe mabingwa, Miguel Rojas wa Dodgers akasawazisha. Kisha zamu yetu, besi zote tatu zimejaa, mkimbiaji wetu Isiah Kiner-Falefa yuko besi ya tatu amesimama karibu na kituo chake mno. Mpira ukapigwa chini, akakimbia, akakamatwa kwenye besi ya nyumbani, ambako angepata pointi ya ubingwa, kwa nusu hatua. Marudio yalionyeshwa mara nne, mguu wa mdakaji wa Dodgers unanyanyuka, unarudi. Nusu hatua hiyo bado inanikatisha usingizi. Raundi ya kumi na moja mdakaji huyo huyo, Will Smith, naye akaupeleka mpira jukwaani, 5 kwa 4, basi. Mwenye nyumba alizima televisheni, akaenda kulala bila kutuaga.

Kwa hiyo niliingia baridi hii nikiwa na donda. Na klabu, niseme ukweli, ilianza kama inayojua donda liko wapi. Kabla Novemba haijaisha wakamchukua Dylan Cease kwa miaka 7 na dola milioni 210, pesa nyingi kuliko zote walizowahi kumpa mchezaji huru kutoka nje. Cease ni mrushaji wa moto. Mwaka 2025 akiwa San Diego aliwatoa wapigaji 215 kwa kuwakosesha mpira, ingawa wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila raundi tisa, 4.55, haukuwa wa kujivunia. Miaka saba kwa mrushaji inaogopesha, mkono wa binadamu haukuumbwa kwa kazi ile. Lakini nishajifunza kunyamaza.

Cody Ponce ndiye aliyenifurahisha zaidi. Mmarekani aliyekwama Pittsburgh, akaenda Japani, akaenda Korea Kusini, na mwaka 2025 akiwa na Hanwha Eagles akashinda mechi 17, akapoteza moja tu, akawa mchezaji bora wa ligi ile. Sisi tumempa milioni 30 kwa miaka mitatu. Mtu aliyezunguka dunia kutafuta riziki akarudi kwa mlango wa mbele, mimi mhamiaji siwezi kumchukia. Halafu kuna Tyler Rogers, milioni 37 kwa miaka mitatu, wa kuingia mwishoni mwa mechi. Huyu mkono wake unapita karibu na ardhi, kama watoto wa Raskazone, ufukweni kwetu Tanga, wanavyorusha kijiwe kiruke juu ya maji. Mpira wake ni wa polepole kwa viwango vya siku hizi na bado watu wanashindwa kuupiga vizuri. Mwanangu ameshaanza kumwigiza sebuleni, taa moja tumeipoteza.

Na mwanzoni mwa Januari Kazuma Okamoto wa Yomiuri Giants, miaka minne, milioni 60, wa kucheza besi ya tatu. Ohtani alituponyoka, Sasaki akatuponyoka, huyu kaja kimya kimya wala hakuna aliyefuatilia ndege yake. Nusu nyota ile ni ya Okamoto.

Tatizo ni kwamba wakati wote huo Bo alikuwa hana mkataba. Waandishi walikuwa wamemshikilia Kyle Tucker, mpigaji mwingine aliyekuwa huru: amekuja kutembelea kambi yetu Dunedin kule Florida, anaipenda, haipendi. Tukasubiri. Tucker akasaini Dodgers, miaka minne, milioni 240. Mimi nikasema vizuri, sasa hela ipo, mrudisheni kijana wetu. Hazikupita siku mbili Bo akasaini Mets, milioni 126 kwa miaka mitatu.

Asiyefuatilia mchezo huu ajue Bo ni nani kwetu. Klabu ilimchagua 2016 akiwa mtoto wa shule, akakua kwenye timu za vijana pamoja na Vladimir Guerrero Jr., wote wawili watoto wa wachezaji wakubwa, wote wakapanda timu kubwa 2019. Watu wa Toronto tuliwataja kwa pumzi moja, Vladdy na Bo, kama chai na maandazi. 2021 na 2022 aliongoza American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, kwa kupiga mipira iliyomfikisha besi. Vladdy alipewa miaka 14 na dola milioni 500, mkataba unaoanza kuhesabiwa msimu wa 2026. Bo kaachiwa soko. Kwa hesabu za karatasini naielewa klabu: kwenye ile nafasi kati ya besi ya pili na ya tatu Giménez anadaka kuliko yeye, goti lile si la kuaminika, na milioni 42 kwa mwaka ni hela. Hata Mets walimsajili acheze besi ya tatu. Lakini aliyemwona Clatous Chama, kipenzi cha Simba, na jezi ya Yanga mwaka 2024 ananielewa ninaposema karatasi haisaidii. Na si hisia tu. Mwaka 2025 Bo alipiga wastani wa .311, yaani alifanikiwa kama mara tatu katika kila kumi. Ukikosa mtu wa namna hiyo katikati ya orodha ya wapigaji, Vladdy ataanza kurushiwa mipira ya mbali, apewe besi ya bure, na anayemfuata ndiye abebe mzigo. Nani huyo? Okamoto amesaini akiwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya ligi hii. Santander, tuombe Mungu bega lipone.

Nimempigia yule mzee, siku hizi kastaafu, yuko kwao Baní anafuga kuku. Nilidhani atalia nami. Akacheka, akaniambia hata mimi nilimwacha ghalani peke yake nilipopata kazi ya mchana yenye mshahara mzuri, na hakunitukana.

Nyumbani ipo jezi moja ya bluu, namba 11, jina la Bichette mgongoni. Nilimnunulia mwanangu alipofika miaka minane, na nilichukua kubwa makusudi ili aivae muda mrefu. Siku habari zilipotoka aliniuliza, "Baba, sasa sisi ni Mets?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama watu uwanjani watamzomea akiivaa. Nikasema sidhani. Mama yake akasema jezi haijaisha, ile si gazeti. Tiketi za Jumanne mbili za Aprili nimeshalipia.