Kibanda cha Mpira cha Barabara ya 12, Ngamiani: Mahali pa Kumtazama Beki

Kibanda umiza, yaani chumba cha kulipia kutazama mpira, ninachokizungumzia kipo Barabara ya 12, Ngamiani, hapa Tanga, na hakina bango lolote zaidi ya ubao mweusi mlangoni ambao mechi za siku huandikwa kwa chaki pamoja na kiingilio. Watu wengi huvipima vibanda kwa ukubwa wa picha na shangwe za mashabiki. Mimi hukipima kwa kuangalia kama naweza kumfuata beki wa kati mwanzo hadi mwisho wa mechi bila kumpoteza. Mshambuliaji kila mtu atamwona tu, kwa kuwa kamera humfuata popote aendapo na mpira, lakini beki mzuri huwa amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake kabla mpira haujamfikia, mara nyingi pembezoni mwa picha.

Beki aliyenifanya nianze kuvichambua vibanda namna hii ni Illia Zabarnyi wa Ukraine, aliyezaliwa Kyiv Septemba 2002 na kukuzwa na Dynamo Kyiv, ambako kocha mzee Mircea Lucescu alimwamini akiwa bado kijana mdogo. Alikuwa na miaka 18 tu alipoanza katika robo fainali ya Ulaya mjini Rome, Julai 2021, siku ambayo Ukraine ilifungwa na Uingereza 4-0. Februari 2022 Urusi ilipoivamia nchi yao, ligi ilisimama na msimu ule haukumalizika, na klabu yake ikalazimika kuchezea mechi zake za nyumbani za Ulaya nchini Poland. Hata hivyo iliitoa Fenerbahçe ya Uturuki katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa mwaka huohuo. Januari 2023 Bournemouth ya Uingereza ikamnunua, na hapo ndipo sisi wa Ngamiani tulipoanza kumwona karibu kila wiki.

Picha ya kibanda hiki ndiyo inayonirudisha. Vibanda kadhaa vya mjini huikuza picha ili ijaze ukuta, na matokeo yake ni kwamba kingo zote hukatwa, hata ubao wa matokeo ukabaki nusu. Hapa projekta imewekwa sawasawa, ukuta umepakwa rangi nyeupe isiyong'aa, na uwanja unaonekana kwa upana wake wote. Ukikaa benchi la katikati unaona jinsi Zabarnyi anavyosimama ubavu-ubavu, jicho moja kwenye mpira na jingine kwa mtu anayemkaba, na jinsi anavyopiga hatua mbili mbele sekunde moja kabla ya pasi kutoka, akaichukua bila kumgusa mtu. Bournemouth iliifunga Manchester United 3-0 Old Trafford Desemba 2023, ikarudia matokeo yaleyale Desemba 2024, na mashabiki wa United waliojaa humu walilaumu timu yao kwa kila namna isipokuwa kukiri kwamba walikabwa vizuri.

Mhudumu anayeshika rimoti naye anastahili sifa. Februari 2025, katika mechi dhidi ya Wolves, Zabarnyi alimchezea vibaya Rayan Aït-Nouri na mwamuzi akaitwa kwenda kutazama marudio. Pengine mhudumu wa kwingine angeitumia nafasi hiyo kuhamia mechi nyingine, lakini huyu aliituliza sauti ya spika na kuiacha picha palepale. Tuliona mguu umepanda juu, tuliona kadi nyekundu ikitoka kipindi cha kwanza, na mabishano yaliyofuata yalikuwa ya watu walioona, jambo ambalo si la kawaida vibandani.

Lazima niseme pia kwamba wateja wa hapa wanaujua ukabaji, na sishangai, kwa kuwa mji huu umetoa mabeki wa kweli. Bakari Mwamnyeto alitokea Coastal Union ya hapa Tanga kabla ya kwenda Yanga mwaka 2020, na wapo wazee humu wanaosimulia krosi alizoziondoa pale uwanja wa Mkwakwani kana kwamba zilipigwa jana. Mzee mmoja anayekaa karibu na nguzo humwita Zabarnyi "mjukuu wangu wa Ulaya", na hujibiwa na vijana, "Shikamoo babu yake Illia," kisha mjadala unaendelea kwa heshima zake zote.

Kasoro kubwa ilijitokeza Agosti 2025, Zabarnyi alipohamia Paris Saint-Germain kwa mkataba wa hadi 2030, akaenda kugombea namba na Marquinhos na Willian Pacho chini ya Luis Enrique. Kwa mwenye kibanda, ligi ya Ufaransa haina wateja. Mechi ya Jumapili usiku ikigongana na ya Uingereza, ya Paris huwekwa kwenye luninga ndogo ya pembeni isiyo na sauti, karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia hupita mbele yako. Ligi ya Mabingwa ndiyo huonyeshwa ukutani, lakini mechi nyingi huanza saa 4 au saa 5 usiku, na kurudi Chumbageni baada ya hapo kunahitaji bodaboda. Nilimshauri mwenye kibanda atenge walau usiku mmoja kwa mwezi, akasema, "Mwanangu, leta watu 20 nitakuwekea." Ni jibu la mfanyabiashara, na sina neno nalo, ingawa watu 20 wa kumtazama beki sijui nitawatoa wapi.

Mengine ni ya kawaida. Kiingilio ni shilingi 500 kwa ligi yetu na 1,000 kwa za Ulaya. Feni ni mbili na moja hugeuka ikijisikia, kwa hiyo mwezi wa Februari vaa shati jepesi. Jenereta huwaka upesi umeme ukikatika, na muuza kahawa hupita wakati wa mapumziko na kashata zisizo na sukari nyingi. Kwa mechi kubwa fika nusu saa kabla, uwahi benchi la katikati upande wa kulia. La mbele kabisa linaumiza shingo, na la nyuma limeegemea spika.