TAHADHARI: Wanauza vyumba vya hoteli isiyo yao, Mji Mkongwe Zanzibar

Ndugu zangu mnaopanga kuja Zanzibar kupumzika wikiendi, hasa mnaotoka Dar, Morogoro na Dodoma: kuna matapeli wanauza vyumba visivyo vyao. Wamechukua picha za hoteli halali iliyopo Shangani, wakafungua ukurasa Instagram na mwingine Facebook kwa jina linalotofautiana na la hoteli kwa herufi moja tu, na wanapokea pesa za watu. Hoteli siitaji kwa sababu wenyewe hawana kosa, na kila mtu anayefika pale akiwa amelizwa anawamwagia wao hasira. Jina la ukurasa nalo halitawasaidia, maana hulibadilisha kila malalamiko yanapoanza.

Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni jirani na hoteli hiyo, kwa hiyo wanaokosa pale huletwa kwetu. Ijumaa iliyopita ilikuja familia iliyoshuka boti ya jioni: mke na mume, watoto wao, na bibi yao anayetembelea mkongojo. Mkononi wana "uthibitisho" mzuri kabisa, una nembo ya hoteli, namba ya chumba, hata saa ya chai ya asubuhi. Hotelini jina lao halipo, na vyumba vimejaa. Walikuwa wamelipa shilingi 180,000 kwa siku mbili, pesa ambayo yule mama aliidunduliza kwenye kikoba chao ili mama mkwe aione Forodhani kwa mara ya kwanza. Inauma, na nawaandikia kwa sababu wanaofuata watakuja Ijumaa hii.

Wanavyofanya ni hivi. Wanalipia tangazo: "Ofa ya wakazi, wikiendi Mji Mkongwe, chumba cha kutazama bahari, chai ya asubuhi ndani ya bei." Ukiwaandikia wanakuhamishia WhatsApp haraka. Huko unakuta mtu mstaarabu sana, anakuita dada au kaka, anajibu hata usiku wa manane. Kwanza anaomba nusu, anaiita kishika nafasi. Ukishatuma, baada ya muda anakuambia mfumo utafuta oda yako saa 12 jioni usipomalizia. Unamalizia. Halafu anakutumia ule "uthibitisho".

Ukali wa jambo hili uko mbele zaidi. Yule mama alipowapigia matapeli kutoka mlangoni pa hoteli, hawakumzimia simu. Walimpa pole, wakasema chumba chake kimepewa mtu mwingine kimakosa na watamrudishia pesa yote, ila atume kwanza 25,000 ya kufungulia marejesho. Alikuwa anaitafuta PIN yake nilipomshika mkono. Hakuna hoteli inayomtoza mgeni ili imrudishie pesa yake mwenyewe. Ukifika hatua hiyo, kata simu.

Sasa niseme tunachokiona sisi wa kazi hii, kwa sababu picha haithibitishi kitu.

Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu yako inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Hoteli inayojiheshimu ina lipa namba au akaunti ya benki yenye jina la biashara. Ukiona jina la mtu binafsi, kisha unaambiwa "huyo ni mhasibu wetu", simama hapo. Na akikwambia utume na ya kutolea, basi umeshapata jibu lako, maana ya kutolea huombwa na mtu anayekwenda kutoa pesa kwa wakala. Hawa ni ndugu wa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", wamebadilisha nguo tu.

Tazama pia kama tangazo linaujua mji wenyewe. Ukurasa huu uliandika kwamba kuna maegesho ya gari mlangoni, Kiponda, wakati hoteli yenyewe iko Shangani. Aliyewahi kupita Kiponda anajua kwamba vichochoro vile ni vya miguu, baiskeli na pikipiki. Gari unaliacha nje, mzigo unabebwa. Katikati ya picha za milango ya nakshi wameweka bwawa na mchanga mweupe wa Nungwi, ambako kutoka mjini ni mwendo wa saa nzima na zaidi kwa gari. Mtu anayeuza chumba chake hakosei mtaa wake.

Kwenye Facebook fungua sehemu inayoeleza uwazi wa ukurasa. Utaona ulifunguliwa lini na ulikuwa na majina gani kabla. Huu wa sasa ulikuwa ukiuza mawigi. Wingi wa wafuasi usikutie moyo, wananunuliwa. Komenti zikifungwa, jiulize wanaficha nini.

Halafu piga simu, lakini usipige namba waliyokupa wao. Tafuta tovuti ya hoteli na ulinganishe namba na iliyoko kwenye ramani ya Google, kwa sababu hata kwenye ramani watu huweza kupendekeza namba nyingine. Ikiwa hoteli ina simu ya mezani, ya Zanzibar huanza na 024. Waulize: ukurasa huu ni wenu? Jina langu lipo kwenye orodha ya Ijumaa? Ukiwa bado na shaka, omba simu ya video kutoka mapokezi, mhudumu atoke nayo hadi mlangoni uone barabara. Sisi tunafanya hivyo kwa wageni na hatuoni usumbufu. Wale walisema mtandao unasumbua.

Picha ya leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar isikutulize peke yake. Kila nyumba ya kulaza wageni inatakiwa kuwa nayo, ndiyo, lakini picha ya karatasi inatengenezwa kwa simu.

Mnaotumia tovuti kubwa za kuhifadhi vyumba, kama Booking.com, msilale pia. Kuna wezi wanaowatumia wafanyakazi wa hoteli viungo vyenye virusi, wakaiba akaunti ya hoteli, kisha wakamwandikia mgeni humo humo kwenye mazungumzo yake kwamba kadi yake inahitaji kuhakikiwa. Ujumbe unatoka mahali sahihi, aliyeuandika ndiye siye. Usibonyeze kiungo cha malipo kilichokuja kwa ujumbe; fungua oda yako mwenyewe uone kama kuna deni, au ipigie hoteli.

Hatari ni kubwa zaidi vyumba vinapokuwa adimu: tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari, Pasaka, Idi, Krismasi. Mtu aliyekosa chumba kila mahali akiona kimoja kimebaki kwa bei ndogo, mkono unamtangulia.

Kama umeshatuma, usiwagombeze kwanza, wala usifute mazungumzo. Piga 100 kwa mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe. Pesa ikishatolewa kuipata ni kazi ngumu. Piga picha za skrini za kila kitu, pamoja na ukurasa wenyewe kabla haujabadilishwa jina. Tuma ujumbe wa tapeli na namba yake kwenda 15040, kisha nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Utapeli wa namna hii unaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni deni la watu wawili.

Familia ile tuliipatia vyumba viwili Malindi kwa bei ya kuelewana. Namba waliyotumia matapeli ilikuwa bado hewani jana jioni. Mwenye oda ya Shangani kwa Ijumaa hii aliyolipa kwa jina la mtu binafsi, apige hotelini leo, kabla hajakata tiketi ya boti.