Kroshia au kanga: kipi kitundikwe ukutani?

Sebule nyingi hapa Ujiji, kochi limevishwa kitambaa cha kroshia na redio nayo ina chake. Nilipomwambia shangazi kuwa nataka kukitundika kimoja ukutani kama sanaa, aliniuliza: kwani kochi limekukosea nini?

Kanga ingekuwa rahisi. Ina pindo, mji wa katikati na jina, yaani msemo ulioandikwa, na hilo jina tayari linasema. Ukiongeza tarizi, unaongeza sauti juu ya sauti. Mtazamaji anasoma, anacheka, anaondoka.

Kroshia haisemi kitu. Ni uzi mmoja na sindano yenye ndoano, kitanzi ndani ya kitanzi. Wavu wa dagaa una mafundo, ukikatika hapa kwingine unashika. Kroshia ukiifungua ncha ya mwisho na kuvuta, inafumuka yote. Jioni za miezi mitatu zinarudi kuwa donge la uzi. Hilo tu ni wazo la kutosha kwa msanii. Halafu mashimo: weka kandili nyuma yake, kivuli kinakuwa kazi ya pili.

Msanii Judy Chicago wa Marekani alipoonyesha The Dinner Party mwaka 1979, meza ya pembe tatu yenye nafasi 39 za wanawake, kila sahani ilikaa juu ya kitambaa kilichotariziwa. Kiliingia makumbusho kikiwa bado kitambaa cha meza.

Mimi nachukua kroshia. Kanga ibaki sandukuni hadi ichakae, jina lisisomeke. Hapo nitaitazama upya.